Jinsi Mbinu za Wasemaji Zilivyogeuka Swali la Mtihani

Mwaka 427 K.K. mji wa Leontini, kule Sicily, ulimtuma Gorgias kwenda Athens kuomba msaada wa kijeshi. Watu wa Athens walikuwa na wasemaji hodari wa kwao, lakini huyu mgeni aliwashangaza. Alipanga sentensi mbili mbili zenye urefu sawa, akayagonganisha maneno yenye maana kinzani, akafunga vipande vya usemi wake kwa sauti zinazofanana, kama afanyavyo mshairi na vina. Msaada akaupata. Vijana wa mjini nao wakataka kujua amefanyaje, tena walikuwa tayari kulipa ada ili wafundishwe.

Hapo ndipo lilipoanzia jambo ambalo mwanafunzi wa leo wa London, Nairobi au Mwanza hukutana nalo katika karatasi ya Kiingereza: onyesha mbinu za lugha alizotumia mwandishi, na eleza athari zake. Sitiari, tashbihi, tashihisi, takriri, swali la balagha na nyingine nyingi. Naanza na Gorgias kwa makusudi. Zana hizi zilibuniwa kwa ajili ya mtu anayesimama kusema, wala mtahini hakuwa akilini mwa yeyote. Historia yake, kama ninavyoiona, ni historia ya kuhama: zilitoka kwa mtungaji zikaenda kwa msomaji, zikatoka kwa msomaji zikaenda kwa msahihishaji. Kila zilipohama, swali lililokuwa wazi kwa Gorgias lilififia, ikabidi watu walifufue upya: maneno haya yanamfanya nini anayeyasikia?

Aristotle aliliuliza waziwazi. Katika kitabu cha 3 cha Retoriki, alichokiandika karne ya 4 K.K., anaitetea sitiari kwa hoja ambayo bado haijapata mpinzani wa kutosha: sitiari nzuri hufundisha kwa haraka. Msikilizaji anaona ghafla kwamba vitu viwili alivyovidhani vya mbali vinafanana, na furaha anayoipata ni furaha ya kuelewa. Katika Poetiki anakwenda mbali zaidi, anasema umahiri wa sitiari ndio kitu kimoja ambacho mtu hawezi kukipata kwa mwenzake. Kwa mtu aliyependa kupanga na kuainisha kila kitu, hilo ni tamko zito.

Warumi ndio walioleta orodha. Kitabu kiitwacho Rhetorica ad Herennium, cha karne ya 1 K.K., kina katika sehemu yake ya nne mbinu zaidi ya 60, kila moja na jina lake, maana yake na mfano wake. Jina, maana, mfano: mpango huo haujabadilika mpaka leo, na ndio unaobandikwa katika kuta za madarasa. Lakini kitabu kile kilimwandaa kijana atakayekwenda kutetea kesi barazani. Quintilian, mwalimu aliyezaliwa Hispania na kulipwa mshahara na serikali ya Mfalme Vespasian, alikamilisha karibu mwaka 95 B.K. vitabu 12 juu ya malezi ya msemaji. Alizieleza mbinu kwa kirefu, kisha akaonya kwamba zikirundikwa hupoteza nguvu, na kwamba anayeonekana anazitafuta haaminiwi. Wanafunzi wa Roma walisoma washairi mstari kwa mstari, kisha wakatunga wenyewe. Kusoma na kutunga yalikuwa somo moja.

Katika enzi hizo hizo za Roma kuna mwandishi mmoja asiyejulikana kwa hakika, tunayemwita Longinus, anayestahili kutajwa peke yake. Alichukua shairi la Sappho linaloeleza mwili wa mtu aliyezidiwa na mapenzi, akaonyesha jinsi mshairi alivyokusanya ulimi, masikio, macho na ngozi, kila kimoja kikishindwa kazi yake, akavifunga vyote katika mwili mmoja. Mbinu aliitaja, lakini baada tu ya kusema shairi linavyomtikisa msomaji. Karne nyingi kabla ya Cambridge, tutakayoifikia baadaye, uchambuzi wa karibu ulikuwa umekwisha kufanywa, tena vizuri.

Dola ya Roma ya magharibi ilipoanguka, orodha zilibaki. Zilihifadhiwa katika sarufi ya Donatus, mwalimu wa karne ya 4, na kwa njia hiyo zikafika kaskazini mwa Uingereza. Huko Jarrow, karibu mwaka 700, mtawa Bede aliandika kijitabu juu ya mbinu na tamathali, akiondoa mifano ya washairi wa kipagani na kuweka ya Biblia. Ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana. Kijana wa Jarrow hakuwa na kesi ya kutetea; alikuwa na maandiko ya kuelewa. Mbinu ya msemaji ikawa ufunguo wa msomaji.

Upande wa pili wa dunia iliyoijua Ugiriki, elimu ya balagha ya Kiarabu ilikuwa inakua kwa nguvu zake yenyewe, na chimbuko lake nalo lilikuwa kukielewa kitabu kitakatifu. Abd al-Qahir al-Jurjani, wa Gorgan katika Uajemi, katika karne ya 11 aliwapinga waliodhani uzuri wa usemi unakaa katika neno moja moja. Uzuri, alisisitiza, umo katika mpangilio: neno hili baada ya lile, hili likitangulizwa, lile likiachwa. Tunapofundisha tashbihi na mubalagha katika fasihi ya Kiswahili tunatumia msamiati wa elimu hiyo, na ingefaa tuchukue pia hoja ya Jurjani. Mwanafunzi anayeinukuu sitiari peke yake, akaiacha sentensi iliyoibeba, amefanya kosa lile lile alilolipinga bwana huyu.

Kipindi kilichonivutia zaidi katika historia hii ni karne ya 16 huko Uingereza, kwa kuwa ndicho kilichomlea Shakespeare. Erasmus aliandika kitabu cha mazoezi, De Copia, kilichochapishwa mwaka 1512, kwa ajili ya shule ya St Paul's iliyoanzishwa London na rafiki yake John Colet. Humo anachukua sentensi moja ya kawaida, ya mtu anayemwambia rafiki kwamba barua yake imemfurahisha, na kuigeuza kwa njia zaidi ya mia. Mara anaikuza, mara anaipunguza, mara anaweka swali, mara anaikana kinyume chake, mara barua yenyewe inakuwa mtendaji. Kijana aliyekaa na zoezi hilo hakuulizwa mbinu hii inaitwaje. Aliulizwa unaweza kulisema vipi tena, na kila alipolisema upya alisikia mwenyewe kilichobadilika. Baadaye Roger Ascham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1570, akapendekeza zoezi jingine: tafsiri Kilatini kwa Kiingereza, weka kitabu pembeni, kisha rudisha Kiingereza chako kwenye Kilatini na ulinganishe na cha mwenyewe Cicero.

Vitabu vya mbinu kwa Kiingereza vikafuata. Henry Peacham alitoa The Garden of Eloquence mwaka 1577, chenye mbinu zinazokaribia 200. George Puttenham alitoa chake mwaka 1589 bila kuweka jina, akajaribu kuzipa mbinu za Kigiriki majina ya Kiingereza yanayoeleweka na mtu wa kawaida. Mubalagha kwake ulikuwa mwongo mwenye sauti kubwa.

Sasa tutazame kwa karibu malezi hayo yalizaa nini. Katika Julius Caesar, tamthilia iliyoigizwa London mwaka 1599, wasemaji wawili wanahutubia umati mmoja baada ya mwingine katika mazishi. Brutus anasema kwa nathari iliyopimwa: sentensi fupi, sambamba, zenye maswali ya balagha yasiyoacha nafasi ya kujibiwa. Umati unamkubali. Ndipo anapanda Antony, aliyeruhusiwa kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Anawaita watu wa heshima. Anataja jambo jema alilolifanya Caesar, halafu anawaita tena watu wa heshima. Anataja jingine, anarudia. Mara ya kwanza ni adabu tu. Mara ya tatu msikilizaji anasita. Muda si mrefu watu wenyewe wanalitema neno hilo kama tusi, na Antony bado hajavunja sharti.

Mwanafunzi anayeandika kwamba Antony ametumia takriri na kinaya amesema kweli, lakini bado hajasema kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba mtu aliyefungwa mdomo amewafanya wasikilizaji watoe hukumu ambayo yeye hakuruhusiwa kuitoa, tena wakaamini ni yao. Takriri ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwa kuwa neno lilelile lilirudi kila mara likikuta ushahidi umeongezeka. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulipima jambo hili katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 akiwa Rais. Na yeye alikuwa mtu aliyejua hasa maana ya kusimama mbele ya umati.

Karne ya 17 iliigeukia sanaa hii kwa chuki. Wanasayansi wa Royal Society walitaka lugha iliyo wazi, na Thomas Sprat, katika historia ya chama hicho aliyoitoa mwaka 1667, alizishambulia tamathali kwamba zinaleta ukungu katika elimu.

Mageuzi makubwa zaidi yalifanyika Scotland. Hugh Blair alianza kutoa mihadhara Edinburgh mwaka 1759, na mwaka 1762 akakabidhiwa kiti cha uprofesa wa retoriki na fasihi. Wasikilizaji wake walikuwa vijana wa Kiskoti waliotaka kuandika Kiingereza ambacho London haitakicheka. Katika mihadhara kadhaa, iliyochapishwa pamoja na mingine mwaka 1783, Blair anachukua makala za Joseph Addison na kuzipitia sentensi kwa sentensi: hii ina uzito mahali pake, hii imebeba neno lisilohitajika, hii ingeishia mapema zaidi. Ni kazi makini, na bado inafundisha. Lakini tazama nani anasema na nani anasikiliza. Msemaji wa Roma aligeuka kuwa msomaji mwenye ladha, na ladha hiyo ikawa tiketi ya kupandia daraja la juu la jamii.

Kutoka hapo Kiingereza kama somo kilisafiri kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Hati ya Macaulay ya mwaka 1835 iliielekeza elimu ya India kwenye Kiingereza, na vijana wa India wakawa wanafanyia mtihani fasihi ya Kiingereza miongo mingi kabla ya Oxford kuifanya shahada kamili mwaka 1894. London ilikuwa imepata profesa wake wa kwanza wa Kiingereza mwaka 1828. Cambridge ilianza mitihani yake ya shule mwaka 1858, ikaivusha bahari katika muongo uliofuata, na hatimaye cheti chake kikawa ndicho alichokitafuta kila kijana wa sekondari Kenya, Uganda na Tanganyika. Nchini Uingereza kwenyewe, kanuni ya mwaka 1862 ilizipa shule za msingi ruzuku kulingana na matokeo. Fedha ikishafuata majibu, hufundishwa kile kinachopimika upesi: fafanua sitiari, toa mfano wa tashihisi, changanua sentensi hii. Ile orodha ya Kirumi ikarudi bila baraza na bila msemaji.

Aliyeuvunja mtindo huo ni I. A. Richards, mwalimu wa Cambridge, na alianza na jaribio sahili. Cambridge ilikuwa na shahada mpya ya Kiingereza tangu mwaka 1917. Richards aliwagawia wanafunzi mashairi yasiyo na jina la mtunzi wala tarehe, akawapa muda wa kuyasoma na kuandika maoni yao kwa uhuru. Alichochapisha mwaka 1929 katika Practical Criticism, chenye mashairi 13 na lundo la maoni hayo, kiliwastua walimu. Vijana waliochaguliwa kwa elimu yao bora walishindwa hata kuelewa maana ya juujuu. Mashairi ya John Donne na Gerard Manley Hopkins yaliwapita wengi, na kazi dhaifu zikasifiwa. Walisoma hisia zilizokuwa tayari vichwani mwao badala ya maneno yaliyokuwa mbele yao.

Ninapoyasoma matokeo hayo naona kwamba Richards aliurudisha uchambuzi mahali pa Longinus. Mwanafunzi wake William Empson alitoa Seven Types of Ambiguity mwaka 1930 akiwa na miaka 24, akionyesha neno moja linavyoweza kubeba maana mbili zinazovutana bila shairi kuharibika. Leavis na Denys Thompson, katika kitabu cha mwaka 1933, wakazipeleka zana hizohizo kwenye matangazo ya biashara na magazeti, ndiyo maana leo karatasi ya Kiingereza haioni aibu kuweka tangazo la utalii kando ya riwaya. Marekani ikaupokea mtindo huo kupitia kitabu cha Brooks na Warren cha mwaka 1938. Madarasa ya huko yalipojaa askari waliorudi vitani, shairi moja lililochapishwa kwenye karatasi lilitosha kwa kipindi kizima. Halafu, kama ilivyotarajiwa, zoezi la Richards likawa karatasi ya mtihani: shairi usilolifahamu, muda wa saa, maswali chini yake.

Wakati huo mkondo mwingine ulikuwa unatoka mashariki. Viktor Shklovsky wa Urusi, katika insha ya mwaka 1917, alidai sanaa yenyewe ni mbinu, na kazi yake ni kukifanya kitu tulichokizoea kionekane upya. Roman Jakobson aliyabeba mawazo hayo hadi Marekani. Mwaka 1962, pamoja na Claude Lévi-Strauss, alichambua soneti moja ya Baudelaire hadi silabi ya mwisho. Michael Riffaterre akawajibu mwaka 1966 kwamba mengi ya waliyoyahesabu hayahisiwi na msomaji yeyote. Naungana na Riffaterre. Ruwaza isiyomgusa mtu anayesoma ni hesabu tu, hata ikiwa sahihi.

Isimu, hata hivyo, ilitoa pia uchambuzi mzuri kuliko wote ninaoufahamu wa karne hiyo. Katika riwaya ya William Golding ya mwaka 1955, The Inheritors, Lok, mtu wa kale wa jamii ya Neanderthal, anamtazama mtu mgeni ng'ambo ya mto. Anaona kijiti kikifupika ncha zote mbili, kisha kikirudi urefu wake. Mara kitu kimechomeka katika mti ulio karibu naye. Msomaji anahitaji muda kutambua kwamba Lok amelengwa kwa upinde. M. A. K. Halliday, mwaka 1971, alionyesha jinsi jambo hilo lilivyojengwa kwa vitenzi. Katika sehemu kubwa ya kitabu vitenzi havina shamirisho: vitu vinasogea, viungo vya mwili vinatenda, lakini ni nadra mtu kukitenda kitu kingine. Lok haoni sababu na matokeo kwa sababu sarufi aliyopewa na mwandishi haina nafasi ya sababu. Hakuna jina la Kigiriki la mbinu hiyo, na katika orodha ya ukutani haimo.

Nairobi nayo ina nafasi yake hapa. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mjadala huo hukumbukwa kwa siasa yake, na ni haki. Lakini uligusa pia mbinu. Fasihi simulizi ilipoingia kwenye mitaala, maswali yalilazimika kubadilika: fanani anapandisha sauti wapi, hadhira inajibu lini, kiitikio kinafanya nini kikirudi mara ya nne, tanakali za sauti zinaleta picha gani. Mbinu zilirudi kinywani mwa mtu anayesema mbele ya watu. Upande wa Kiswahili, Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshatoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na jina lake linataja kutunga. Wasomaji wake walitarajiwa kwenda kuandika.

Ufundishaji wa leo nchini Uingereza ulianza kujengwa miaka ya 1980. Mtihani wa GCSE ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1988, mwaka uleule wa ripoti ya Kingman iliyotaka walimu na wanafunzi wapewe maarifa ya wazi juu ya lugha. Kiingereza kikaendelea kugawanyika, lugha huku na fasihi kule. Madarasani ukaenea mpango wa aya moja: toa hoja, weka ushahidi, eleza. Mpango huo umewasaidia wengi waliokuwa hawajui pa kuanzia, na sitaudharau. Tatizo linaanza pale mwanafunzi anapogundua kwamba neno la kitaalamu linaweza kukaa mahali pa maelezo. Anaandika kwamba mwandishi ametumia sitiari ili kumvutia msomaji, na sentensi hiyo hiyo inaweza kubandikwa chini ya sitiari yoyote iliyowahi kuandikwa. Watahini wenyewe wamelilalamikia sana jambo hili, wakiliita uwindaji wa mbinu.

Dawa moja ilipendekezwa mwaka 1995 na Rob Pope katika Textual Intervention: ibadilishe matini. Hamisha usimulizi kwa mhusika mwingine, ondoa takriri, geuza swali liwe tamko, kisha soma tena usikie kilichopotea. Erasmus angelitambua zoezi hilo mara moja. Mtihani wa lugha wa GCSE uliofanywa kuanzia mwaka 2017 unagawa alama zake nusu kwa nusu kati ya kusoma na kuandika, na katika kikao kimoja mtoto huyohuyo anachambua matini ya mwingine kisha anatunga yake. Shule nyingi hufundisha nusu hizo mbili kwa vipindi tofauti na madaftari tofauti. Napenda kuona zikifundishwa siku moja: asubuhi darasa lihesabu Antony analirudia neno lake mara ngapi na umati unabadilika lini, na mchana kila mwanafunzi aandike hotuba ya kumshutumu mtu ambaye hana ruhusa ya kumtaja kwa ubaya.